Kijiko cha Samli

Nina umri wa miaka thelathini na moja, sina mume wala mtoto. Skuli nilisoma miaka minne tu, kwa hiyo mtanisamehe mkono wangu. Mkasa huu nimeuanza mara tatu, na mara tatu nimeuchana. Leo nataka niumalize, maana kukaa nao nimeshindwa...

Nilipoachwa na mume wangu huko Chwaka, dada yangu Salama alinichukua kwake, Mji Mkongwe. Alikaa ghorofani na mumewe, Seif, na watoto wao wawili. Hakuniuliza nitakaa mpaka lini. Alinipa funguo za kabati la vyakula akasema, "Haya, jiko lako hilo."

Laiti asingenipa funguo zile!

Dada alikuwa mnene, na kwetu unene si kasoro. Harusini wanawake walimsifu. Lakini alishikwa na ngiri ya kitovu, akapasuliwa hospitali. Daktari alikuwa mgeni, hajui Kiswahili, na nesi ndiye aliyetufasiria. Alituambia mshono hautashika iwapo tumbo litabaki zito. Dada apungue ratili hamsini. Mshono ukifumuka, utumbo unaweza kunaswa, na hapo ni roho! "Asile mafuta wala vitu vitamu," nesi aliniambia mimi, kwa kuwa ndimi mpishi.

Nikaishika amri ile. Maandazi nikaacha kupika, halua nikaiondoa nyumbani, tui nikalipunguza mpaka mchuzi ukawa maji. Kwa miezi mitatu dada alishuka ratili thelathini! Akawa anapanda ngazi bila kusimama katikati. Siku moja alijifunga kanga, ikamzunguka mpaka mgongoni, akacheka hata akakaa chini. "Zuhura, nnarudi usichana!"

Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Jirani yetu Bi Mize alikuwa barazani kwake na wenzake, gramafoni ikilia dirishani. Nilipopita akaniita.

"Naam, Bi Mize."

"Hodari wewe, mtoto wa shamba! Dada anakonda, wewe unanawiri. Unajipenyeza kitandani kwa mume wa watu, au vipi?"

Wote wakacheka. Nami nikacheka, ili wasione limenichoma... Lakini neno lile liliingia na halikutoka. Kwetu aliyepasuliwa hutunzwa kama mzazi aliyetoka kujifungua: uji wa pilipili manga, supu ya kuku, na samli ili nyama za ndani ziungane. Mimi nilikuwa nikimpa nini? Mchuzi wa maji!

Asubuhi ya pili nilitia kijiko cha samli katika uji wake. Wallahi sikuona kuwa nimevunja amri. Mafuta ni yale ya chupa, ya nazi na ya ufuta. Samli ni dawa! Nani kwetu huita samli mafuta? Ila... kama ilikuwa dawa tu, kwa nini nilingoja dada atoke jikoni ndipo nifungue kopo?

Kijiko kimoja kikawa viwili, asubuhi na jioni.

Mizani ya hospitali ikasimama. Mwezi wa kwanza... wa pili... wa tatu. Dada akawa hatulii. Akaacha chakula cha mchana. Akawa anatoka asubuhi kuzunguka vichochoro mpaka Darajani na kurudi, jasho likimtiririka, kisha anywe maji ya ndimu. Hata nyumbani hakukaa. Nikiwa jikoni chini nilisikia nyayo zake juu ya kichwa changu, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi...

"Zuhura, mwili huu una ugomvi gani na mimi?" akawa ananiuliza. Nami, kwa kumwonea huruma ya njaa, nikamzidishia samli!

Mwezi wa nne nesi alichoka. "Bibi, unatuficha. Nyumbani unakula nini?" Dada akaapa. Nesi akamtajia kimoja kimoja. Maandazi? Halua? Samli?

"Samli sijaionja tangu mliponipasua!"

Daktari akasema neno, na nesi akalifasiri mbele ya wagonjwa wote waliokaa kwenye benchi: "Anasema mizani haisemi uwongo, watu ndio wasemao."

Nilikuwa nyuma ya dada, nimemshikia mkoba. Hapo hapo nilifahamu nilichokifanya. Niseme? Angenirudisha Chwaka! Bi Mize angetangaza kwamba namtilia dada yangu kitu chakulani, na angekuwa amesema kweli! Nikanyamaza.

Njiani dada aliniuliza, "Zuhura, mimi mwongo?"

"La, Dada."

"Basi shahidi wewe unanitosha." Na hospitali hakurudi tena.

Siku ile ile niliacha samli. Lakini mizani dada hakuipanda tena, haikupata nafasi ya kumtetea. Wiki ya sita kitovu kikatokeza. Nilimsihi twende, mumewe akamsihi, akakataa. "Nende nikaitwe mwongo tena?" Nilikuwa na neno moja la kumfikisha hospitali, nalo lilikuwa kooni mwangu... Siku ya tatu akaanza kutapika, tumbo likawa gumu kama ubao. Shemeji alipomteremsha ngazini alikuwa keshalegea. Walimpasua upesi, wakakuta utumbo umeshakufa. Dada Salama hakuiona jioni.

Mwaka ulipopita nilimkuta nesi yule sokoni, nikamweleza yote. Alinitazama sana. Akasema mwili wa anayepungua husimama hata bila samli. Hupumzika wiki, pengine miezi, kisha hushuka tena, na hutakiwa subira tu. "Na sisi tulifanya haraka kumwita mwongo," akasema. Kwa hiyo sitajua kamwe kama ni samli yangu. Ukimya, huo najua ni wangu.

Mwezi uliopita wazee walileta posa, shemeji anioe ili watoto wasilelewe na mgeni. Mjumbe wao nani? Bi Mize, kajaa furaha! Nilimwita shemeji, nikamwambia kama ninavyowaambieni. Akaniuliza:

"Alijua?"

"Hakujua."

"Afadhali." Akachukua kofia yake, akatoka. Posa haikutajwa tena. Funguo za kabati nimemrudishia. Kopo la samli limo humo bado, nusu. Kulimwaga sikuweza, wala kulipikia.

Wasomaji wenzangu, mkiwa na mgonjwa aliyeambiwa apungue na mizani ikasimama, msimwite mwongo. Mvumilieni, na mwulizeni anayempikia. Nawe uliye jikoni, nakuomba kwa jina la Mungu, sema ungali unaulizwa! Mimi niliulizwa mara moja tu, njiani, na nikajibu nusu ya kweli.