Mchi na Madumu ya Meshack

Wazazi wenzangu, na ninyi vijana mliooa juzi, sogeeni niwaambie ya nyumba ya mjukuu wangu Ruthu, pale Kikuyu, Dodoma mjini. Nimechoka, kwa hiyo nitasema polepole.

Asubuhi ya kwanza niliyoamka kwao, baada ya kufika kutoka Mpwapwa, nyumba ilikuwa na amani. Ruthu alinipikia uji wa ulezi na kuniwekea mto kitini, maana anayajua magoti yangu. Mimba yake ilikuwa imeshakua. Uani, mumewe Meshack alikuwa akifanya mazoezi. Yeye ni karani, hukaa kitini kutwa, na daktari alimwonya kwamba presha inapanda, autikise mwili. Basi akatumia vyombo vya nyumbani. Aliegemea kigoda akajisukuma juu na chini, akanyanyua mfuko wa mahindi, kisha akachukua mchi wa kinu, akafunga dumu la maji kila ncha, akauweka mabegani, akawa anachuchumaa na kuinuka.

"Shikamoo, Bibi! Unamwonaje mumeo?" Meshack akanitania.

"Marahaba. Mbona naona ng'ombe wa kulimia?"

Tukacheka sote. Kicheko kilikatika Ruthu alipobeba ndoo na kuelekea mlangoni.

"Wapi tena, mama?" nikamuuliza.

"Bombani, Bibi. Letu halitoi maji. Tunachota mtaa wa pili."

"Na kliniki walikuambia nini?"

Akamtazama mumewe. "Kondo la nyuma limekaa chini. Nisibebe kizito."

"Nimemwambia achote kidogo kidogo," Meshack akasema, akijifuta jasho.

"Na wewe mwenye nguvu je, mume wetu?"

"Bibi, pale foleni yote ni wanawake. Nikijipanga na ndoo, mtaa mzima utasema Ruthu kanilisha limbwata."

Mnasikia, wenzangu? Maji yaliyojaa kwenye yale madumu yalifika nyumbani juu ya kichwa cha Ruthu. Na akimaliza kuyanyanyua, Meshack alihitaji ndoo nyingine ya kuoga jasho. Nikamwambia, "Hebu na huo mchi wako utembee nao mpaka bombani. Mazoezi utayapata, na maji utayapata."

"Bibi una vituko," akanijibu, akaendelea kuchuchumaa.

Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Jioni aliniletea maziwa ya mgando bila kuombwa, na hakulala kabla ya kuniuliza kama blanketi linanitosha. Lakini wema wake uliishia getini, pale macho ya watu yalipoanzia. Aliyemsaidia Ruthu ni jirani yao Joha. Alikuwa akishafikisha ndoo yake kwake, anarudi kumpokea Ruthu njiani.

Asubuhi moja kamba ya mchi ikakatika. Dumu likaanguka, likapasuka, maji yakatapakaa uani, na kuku wakaja kuyanywa.

"Aa! Ruthu, samahani. Hayo ndiyo yalikuwa ya kuoga, na ofisini nachelewa."

Ruthu akainuka. Akachukua ndoo. Nikamshika mkono. "Kaa. Nitakwenda mimi."

"Kwa magoti gani, Bibi?" Akanifunika miguu kwa khanga, kwa sababu ya upepo, akatoka.

Aliporudi, alikuwa ameegemea bega la Joha, na nguo yake imelowa damu.

"Bibi, leta khanga nyingine!" Joha akaita. "Shemeji, unangoja nini? Tafuta bajaji!"

Meshack alikuwa amesimama na taulo kiunoni na sabuni mkononi, akingoja maji. Sabuni ikamponyoka. Akavaa mbio, bajaji ikapatikana, akamnyanyua mkewe kama anayenyanyua mtoto. Nguvu alikuwa nazo, jamani. Zilikuwepo siku zote.

Hospitalini walimwokoa mama. Mtoto, wa kiume, hawakuweza.

Watu walipokuja msibani, hapakuwa na maji ya kupikia wala ya kunawa. Hakuna aliyemtuma Meshack. Alitoa mchi, akafunga dumu lililobaki na jingine la kuazima kwa kamba mpya, akauweka mabegani, akaenda. Nami nilijikongoja nyuma yake mpaka nikaiona foleni. Wanawake waligeuka wakamtazama. Nilisubiri kile kicheko alichokuwa akikiogopa miezi yote ile. Hakuna aliyecheka. Joha aliisogeza ndoo yake pembeni, akasema kwa upole, "Kinga wewe kwanza, shemeji. Pole."

Akaenda na kurudi mpaka vyombo vyote vikajaa. Ruthu, aliyekuwa amelala mkekani, alimwona akipita mlangoni na mzigo wake. Akageukia ukutani.

Hata leo Meshack ndiye anayechota maji. Ruthu humwambia ahsante. Zaidi ya hapo bado hajaweza, nami simharakishi.

FUNZO

Ndugu zangu, fanyeni mazoezi, hata kwa mchi na madumu, maana mwili ni wa kutunzwa. Ila kabla hujanyanyua mzigo kwa ajili ya afya yako, tazama aliye karibu nawe amebeba nini, umtue. Usiache kumsaidia wa nyumbani mwako kwa kuogopa kuchekwa na wa nje. Hao wa nje, siku ya msiba, watakupisha kwenye foleni tu. Aliyekuwa anakusubiri umsaidie ni yule wa ndani, na huenda atakuwa ameshageukia ukutani.