Hujaniuliza Bado

Lifti ilikwama saa tatu asubuhi, siku ya kazi, katika jengo la ghorofa kumi ambalo watu wake hawana subira hata ya kungoja chai ipoe. Ndani walikuwamo watu sita. Nje, kwenye korido ya ghorofa ya nne, walijazana wengine kama ishirini, na kila mmoja alikuwa akimfundisha fundi wa lifti kazi ambayo mwenyewe alikuwa ameifanya kwa miaka tisa.

Fundi huyo alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mwembamba, amevaa ovaroli ya bluu aliyoikunja mikono hadi viwikoni, na nywele amezifunga kwa kitambaa chekundu. Mwenzake alikuwa juu kwenye chumba cha mashine, akiizungusha mashine kwa mkono ili lifti ishuke taratibu mpaka iwe sawa na sakafu. Yeye alisimama mlangoni na ufunguo, simu sikioni, akingoja kuambiwa kwamba imefika. Kazi hiyo haina miujiza. Inataka mikono na utulivu tu, na utulivu ndio uliokosekana, maana kutoka ndani ya lifti sauti ya mwanamume ilikuwa ikinguruma.

"Natamka. Mlango, nakuamuru ufunguke. Sikuombi, nakuamuru. Kwa mamlaka niliyopewa, funguka sasa."

"Kaka uliye ndani," fundi alisema kupitia ufa wa mlango, "usiuguse mlango. Nipe dakika mbili."

"Siugusi, dada. Nauambia tu."

"Basi uambie ungoje dakika mbili."

Simu ikasema tayari. Fundi akaingiza ufunguo, akauzungusha, akavuta. Mlango ukafunguka wakati yule mwanamume akitamka "sasa" kwa mara ya nne, naye akainua mikono yote miwili juu.

"Mmeona?" akawauliza wenzake watano. "Mmeona wenyewe?"

Fundi alikuwa bado amesimama pale, ufunguo mkononi, grisi mpaka kidevuni. "Na mimi, umeniona?"

Mwanamume akashusha mikono. Alivaa suti ya kijivu iliyomkaa kama ngozi, na shingoni, badala ya tai, alining'iniza futi ya kupimia nguo. Akamtazama fundi, akautazama ufunguo, na uso ukamshuka kidogo.

"Nimekuona," akasema. "Samahani. Na asante. Nimekuona sana." Halafu akatabasamu, na hasira ya fundi ikakosa pa kukaa.

Alikuwa mshonaji wa suti, mwenye chumba cha kazi ghorofa ya saba. Walinzi wa jengo walimwita Natamka, na jina hilo hakulipata bure. Alitamka juu ya cherehani yake kabla ya kuiwasha. Aliitamkia mvua isimame, ikamlowesha mpaka soksi, naye akasema inajiandaa kusimama. Mtu wa namna hiyo ama unamkimbia, ama unampenda. Fundi alijaribu kwanza kumkimbia, lakini utamkimbiaje mtu wakati kila Jumatatu unakuja kukagua lifti anayoipanda?

Simu zikaanza.

"Halo, ufunguo wangu."

"Ufunguo wako nani? Niko ndani ya shimo la lifti, mikono yote mafuta."

"Natamka kwamba leo mchana utakula na mimi."

"Watu huwa wanauliza, mpenzi."

"Nikiuliza utaniambia uko shimoni."

"Lakini niko shimoni."

"Basi natamka utoke."

Akacheka, akatoka, akaenda kula. Hapo ndipo alipokosea, na baadaye alijilaumu sana: alicheka.

Si kwamba hawakulijadili jambo hilo la kutamka. Walilijadili mchana kutwa, kwenye benchi lililokuwa mbele ya jengo, mkate mkononi. Marehemu baba yake fundi alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa sauti ndogo, ambaye kila sala yake, hata ya kuombea chakula, aliimalizia kwa maneno "ukipenda, Bwana". Kwa mshonaji, maneno hayo yalikuwa ya mtu aliyekwisha kukata tamaa.

"Petro hakumwombea yule kiwete kwa kubembeleza," alisema. "Alimwambia simama, akasimama. Tumepewa mamlaka, halafu tunapiga magoti kama watu tusio na baba."

"Na Bwana mwenyewe kule bustanini? Si aliomba kikombe kimwepuke, halafu akasema isiwe kama atakavyo yeye?"

"Ile ilikuwa siku moja tu."

"Ndiyo siku yenyewe, mpenzi."

Mshonaji akatafuna mkate, akawaza, akasema, "Natamka utanielewa." Fundi akatamani kumpiga na ule mkate.

Mama yake fundi alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alikuwa amengoja miezi minne apate tarehe ya upasuaji, akapangiwa Alhamisi. Jumapili iliyotangulia, mshonaji akaenda kutambulishwa nyumbani. Alivaa suti ya rangi ya kahawa, akamletea mama kitenge alichokipinda mwenyewe, akamsalimu kwa heshima zote, na mama, ambaye kwa kweli alikuwa haoni ila kivuli chenye sauti nzuri, akampenda papo hapo. Akamwambia, "Baba, tuombee."

Wakainamisha vichwa: mama, mama mdogo, fundi na mgeni.

"Natamka macho haya yamepona," sauti ikajaa sebule. "Natamka giza limeondoka. Na natamka kwamba kabla mwaka huu haujaisha, binti wa nyumba hii atakuwa mke wangu."

"Amina," akasema mama. "Amina, amina," akasema mama mdogo, ambaye amina moja haijawahi kumtosha.

Fundi alikuwa amefumbua macho katikati ya sala. Hakusema amina. Alimtazama mwanamume aliyempenda, kope zimefungwa na uso unang'aa, na moyo ukamuuma, kwa sababu neno hilo alikuwa akilingoja kwa mwezi mzima, na sasa limekuja bila kumpitia yeye.

Nje, kwenye ngazi, mshonaji akauliza, "Mbona hukuitikia?"

"Niitikie nini? Hujaniuliza."

"Mambo ya imani hayaulizwi. Yanatamkwa."

Fundi akahesabu mpaka kumi, akamtakia safari njema.

Alhamisi asubuhi alikwenda kumchukua mama yake. Akamkuta na nguo za nyumbani, ungo wa mchele mapajani, akitafuta mawe kwa vidole.

"Mama, hujavaa?"

"Hatuendi, mwanangu. Jana niliwapigia, nikawaambia nafasi yangu wampe mwingine. Mimi nimepona."

"Nani amesema?"

"Si tuliomba? Nikienda nitakuwa namwambia Mungu simwamini."

"Mama, hivi ni vidole vingapi?"

"Usinijaribu. Na wewe, mdogo wangu, mwambie mtoto huyu aache kunijaribu." Alikuwa ameligeukia koti lililotundikwa nyuma ya mlango. Mama mdogo alikuwa jikoni.

Fundi aligeuka kabla hajalia. Alikwenda moja kwa moja kwenye jengo, akapanda ghorofa ya saba, akaingia bila kubisha. Mshonaji alikuwa amepiga goti mbele ya mteja mmoja mnene, pini mdomoni.

"Nipunguze hapa kiunoni, au utapenda pakae hivi hivi?" alikuwa akimuuliza. "Pindo la nje au la ndani? Mfuko mmoja au miwili?"

Fundi akasimama mlangoni mpaka mteja akavua koti na kuondoka.

"Mtu huyu umemuuliza maswali sita," akasema. "Nimehesabu. Na ni suti tu."

"Mpenzi, kuna nini?"

"Mama ameikataa hospitali. Miezi minne amengoja, leo kwenye nafasi yake kalala mtu mwingine. Ameambiwa amepona."

Mshonaji akatoa pini mdomoni, moja moja. "Mimi sikumwambia asiende."

"Ulimwambia amepona. Aliyepona anaenda hospitali kufanya nini, kusalimia?"

"Nilisema kwa imani. Nampenda mama. Nilitaka apone."

"Hata mimi nataka. Sikiliza." Akatoa ufunguo wa lifti mfukoni. "Huu nimepewa na mwenye jengo. Unafungua milango ya lifti hii, basi. Siendi nao kwa jirani nikajifanya mwenye nyumba. Wewe, ufunguo wa macho ya mama yangu ulipewa na nani? Mungu alikuambia lini kwamba atamponya hivi wala si vile? Na wa kwangu, nani alikupa, mimi mwenyewe nikiwa nimekaa hapo hapo kwenye kochi?"

Mshonaji akazitazama pini kiganjani. Angeomba tu msamaha, fundi angeketi. Lakini alinyamaza, na fundi akaudhani ukimya ule kiburi.

"Usinipigie," akamwambia, akaondoka.

Hakupiga. Wiki ya kwanza fundi alishukuru, ya pili akakasirika, ya tatu akawa anaitazama simu kama mgonjwa anayemtazama daktari. Mlinzi wa mlangoni akamwambia, bila kuulizwa, "Natamka siku hizi anapanda kwa ngazi. Ghorofa saba, na nguo za watu begani. Anasema lifti ina mwenyewe."

Jumanne mama akapiga. "Mwanangu, keshokutwa asubuhi napasuliwa. Usichelewe."

Fundi akakaa juu ya kisanduku chake cha vifaa. "Nani kakupangia?"

"Yule mshonaji wako. Alikuja hapa wiki iliyokwisha, akakaa hata chai asiiguse. Akaniambia, 'Mama, nilisema jambo ambalo sikutumwa kulisema. Nililitaka mimi, nikalivisha jina la Mungu. Nisamehe.' Halafu akaniuliza kama nitamruhusu akanitafutie tarehe nyingine. Aliniuliza, mwanangu, nami nikaona haya kukataa. Akapanga foleni asubuhi tatu. Ya tatu kuna mtu akaahirisha."

"Mbona hakuniambia?"

"Si ulimwambia asikupigie?"

"Tangu lini yule anasikia la mtu?"

"Tangu hapo, inaonekana," akasema mama.

Siku ya upasuaji alimkuta kwenye korido ya hospitali, amesimama karibu na ukuta, suti ile ile ya kijivu, futi shingoni, kasahau kuivua. Walisalimiana kama watu waliokutana benki. Hapakuwa na nafasi ya zaidi, kwa sababu muuguzi alimwita mama, na mama, aliyekuwa amevalishwa gauni la kijani na kofia ya karatasi, alifika mlangoni akashika mlango kwa mikono miwili.

"Siwezi," akasema. "Miguu haiji. Nirudisheni nyumbani."

Muuguzi akambembeleza. Binti akambembeleza. Vidole vya mama vikazidi kung'ang'ania. Nyuma yake walikuwa wakingoja wagonjwa wengine wanne.

Mshonaji akasogea. Hakumtazama mama, alimtazama fundi. "Naomba ruhusa," akasema.

"Ya nini?"

"Ya kusema naye."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Mshonaji akachuchumaa mbele ya mama, akaviweka viganja vyake juu ya mikono ile iliyoshika mlango. Hakunguruma. Aliongea kwa sauti ambayo hata wa jirani ilibidi atege sikio.

"Hofu, mwache mama huyu. Kwa jina la Yesu, toka. Na mikono ya daktari, Bwana, tunakuomba uiongoze. Macho haya ni yako. Tunakuomba."

Mama akavuta pumzi ndefu. Kidole kimoja kikaachia, kikafuata kingine. "Amina," akasema, akaingia mwenyewe. Fundi naye alitaka kuitikia, lakini mlango ulikuwa umekwisha kufungwa.

Wakakaa kwenye benchi, katikati yao nafasi ya mtu mmoja.

"Kumbe bado unaamuru," fundi akasema.

"Hofu niliijua si yake, wala haikutoka kwa Mungu. Hilo nina hakika nalo. Macho, sikuwa na hakika. Nilikuwa napiga kelele ili nisisikie kwamba sina hakika." Akaiviringisha futi vidoleni. "Nimekosea?"

"Hapo ufunguo ulikuwa wako," fundi akasema, akaijaza ile nafasi ya katikati.

Kesho yake bandeji ikatolewa. Mama alimtazama binti yake kitambo kirefu, akamfuta grisi nyuma ya sikio, kisha akamgeukia mshonaji na kumkagua kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Ndiye huyu? Kwa sauti ile nilidhani jitu."

Jumatatu fundi alikuwa ndani ya lifti, akikagua, milango ilipofunguka kwenye ghorofa ya chini. Mshonaji alisimama nje na suti tatu begani.

"Naweza kuingia?"

"Ingia."

Wakapanda. Wakapita ghorofa ya kwanza, wakapita ya pili. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso, yeye aliyewahi kuiamuru mvua.

"Nina swali," akasema.

Fundi akaingiza ufunguo kwenye kibao cha vitufe, akauzungusha. Lifti ikasimama katikati ya ghorofa ya nne na ya tano.

"Mbona umeisimamisha?"

"Maswali yako ni adimu. Nataka nilisikie vizuri."

Mshonaji akazitundika suti kwenye chuma cha kushikia, moja baada ya nyingine, akichelewesha. "Naomba nikuoe," akasema. Halafu, kwa sauti ndogo kabisa, "Ukipenda."

Fundi akayasikia maneno ya baba yake katika mdomo ule. Akamwacha angoje. Hakumwacha kwa ukatili. Alitaka tu kumwona mara moja, mtu yule, amesimama na swali lake, bila kulisukuma, bila kulijibia.

Kipaza sauti kikakwaruza. "Fundi," mlinzi aliuliza, "lifti imekwama?"

"Haijakwama," akajibu. "Kuna mtu anangoja jibu."

Akamgeukia mshonaji, machozi yamemlenga na mikono ina grisi, akamshika uso hivyo hivyo.

"Amina," akasema.

Mshonaji akafumba macho, akayafumbua. Grisi ilikuwa imemjaa mashavuni. "Na mwaka," akasema taratibu, "bado haujaisha."

"Usianze," fundi akamwambia, akazungusha ufunguo.