Jiwe la Landrova

Msinicheke, kwa sababu hilo jiwe nimelishika kwa mkono wangu. Rafiki yangu Bonaya alikuwa ametia injini ya dizeli kwenye Landrova kuukuu ya marehemu babake, ikabaki kutafuta giaboksi ya bei nafuu. Wakonyo, mama wa vyuma vikuukuu kule Burat, alimtolea moja kutoka ndani ya kontena lenye giza.

"Hii ni rahisi kwa sababu watu wawili wameshairudisha," akamwambia. "Ukipaki, usiache gari kwenye gia. Haipendi kushikwa."

"Mama, chuma hakiwezi kunipangia mimi," Bonaya akajibu, akaifunga siku hiyo hiyo.

Jioni aliweka gia ya kwanza, akasukuma jiwe chini ya gurudumu kama babake alivyozoea, akafunga milango. Kabla ya alfajiri alisikia gia ikijichomoa yenyewe gizani: kwak! Alipofungua mlango kwa ufunguo, jiwe lilikuwa juu ya kiti cha dereva.

Akalirudisha. Kila jioni hulirudisha, akisema kwa sauti pale uani, "Gari ni la babangu. Nitalipaki nitakavyo."

Leo asubuhi, jua halijatoka, aliniita nilitoe kitini. Lilikuwa na joto, kama limetoka mkononi mwa mtu.