Sahani ya Mardhiya

—Umeata dawa tangu lini?

Shuaib alisimama mlangoni, kopo la dawa za mkewe mkononi. Lilikuwa bado limejaa. Asubuhi hiyo muuguzi alikuwa amempigia Mardhiya simu: virusi vya UKIMWI vimepanda mwilini mwake, aje na mumewe.

—Tangu uniletee ile sahani.

—Sahani gani?

—Usijitie hamnazo, Bwana. Ile yenye maua.

Alijua. Nyumba yao hapo Amu ni nyumba ya sinia moja: mama mkwe wa Mardhiya, yaani Bi Mwanamkisi, wifi yake Lubna na wao wawili, mikono yote humo. Habari ya virusi ilipojulikana, Bi Mwanamkisi akawa anaguna kila Mardhiya akinawa. Shuaib, kwa mapenzi yasiyo na akili, akamnunulia mkewe sahani nzuri ya peke yake, asiyasikie hayo maguno.

—Nilitaka ule kwa raha.

—Mimi nimetoka kwetu na heshima zangu. Huyu anayekula pembeni kama mpita ndia ni nani? Kila nikishika kidonge najiuliza, namponya nani? Nikaona hapana mtu.

Shuaib akakaa chini. Machozi yalimtoka na hakuyaficha.

—Nisamehe, Mardhiya. Nimekukosea mimi, si mama.

—Nimekusamehe. Lakini kilio si dawa. Twende kliniki.

Wakaenda. Wakiwa njiani kurudi, Shuaib akamwandikia mamake: "Mama, daktari asema virusi havipiti kwenye chakula. Yeo twala pamoja. Akitoka Mardhiya kwenye sinia, natoka na mimi."



Adhuhuri ikaletwa sinia ya wali wa nazi na nguru. Mardhiya akameza kidonge mbele ya wote, akanawa, akakaa. Kisha akaichukua ile sahani ya maua, akaiweka mbele ya mama mkwe kwa mikono miwili.

—Mama, heshima yako naijua. Mwenye kuogopa kula nami, sahani hiyo hapo. Mimi siondoki.

Lubna akainamisha kichwa. Bi Mwanamkisi aliitazama sahani, akamtazama mwanawe aliyekwisha sogea ubavuni mwa mkewe. Kutengwa na sinia ya nyumbani kwako, kumbe ndivyo kunavyouma.

Akaisukuma sahani kando. Akamega nguru, ile minofu ya tumbo anayowapa awapendao, akaisogeza upande wa Mardhiya.

—Kula, mwanangu. Na hiyo dawa ni saa ngapi? Nitakuita mimi.