Vitundu Vitatu vya Mama

Siku za likizo, kila asubuhi nafagia, naosha vyombo, kisha nanyoosha chochote kilichokaa upande: viatu mlangoni, vitabu, hata mito. Kaka ananiita Bibi Usafi. Siku hiyo usafi wangu ukafika mezani kwa mama.

Mama ni mhandisi wa mambo ya mwanga. Hubuni kibamba chembamba kuliko unywele, chenye mamia ya vitundu vinavyoufanya mwanga ukate kona bila kupotea. Kompyuta ndiyo hujaribu mpangilio mmoja baada ya mwingine, maelfu kwa maelfu, hadi ulio bora upatikane. Safari hii ilichukua siku tisa. Kwenye skrini niliona safu za vitundu zimenyooka vizuri, ila vitatu vimetoka nje ya mstari. Nikavisogeza, nikahifadhi juu ya kazi ileile. Nilijiona nimesaidia kweli.

Saa nne mama akaketi kuipima kazi mara ya mwisho. Ilitakiwa ifike saa sita kwenye kiwanda cha kutengeneza kibamba chenyewe, la sivyo zamu ya mama na wenzake wangepewa wengine, na wao wasubiri mwaka mzima.

"Mungu wangu! Mwanga haupiti!"

Akapima tena, na tena. Akampigia simu mwenzake wa kazini. "Maji yametufika shingoni. Sijui tumekosea wapi. Siku tisa zote bure!"

Nilikimbilia jikoni nikasugua sufuria iliyokwisha kutakata. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Saa tano na nusu nikamsikia mama analia, jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Nikashindwa kuvumilia.

"Mama, ni mimi. Vitundu vitatu vilikuwa vimepinda, nikavinyoosha."

"Wewe! Vipi? Nionyeshe!"

Nikavionyesha kwa kidole.

"Vilikuwa wapi mwanzo?"

"Sikumbuki, mama," nikaangua kilio.

"Basi, kaa hapa." Akaiagiza kompyuta iviache vingine vyote, itafute mahali pa vile vitatu tu. Tulikodolea macho saa. Saa sita kasoro dakika tano, mwanga ukakata kona kwenye skrini. Mama akaituma kazi, akaegemea kiti, akanishika mkono.

"Mwanangu, vilipinda kwa sababu ndivyo vinavyofanya kazi. Usiguse usichokijua. Lakini ona: uliponyamaza, nilikuwa na mamia ya vitundu vya kushuku. Uliposema kweli, vikabaki vitatu."