Waliombeba Mzee Kirama

Kifuniko cha birika kilikuwa kikigongagonga jikoni, taratibu, kama meno ya mtu aliyeshikwa na baridi, na nje hapajapambazuka. Namkunda Mrutu alikisogeza kwa ncha ya khanga kisije kikamwamsha mumewe. Ndipo akasikia mvumo wa Kipungu kikivuka mgongo wa mlima.

Alitoka na kikombe mkononi. Mashine ilishuka uani kwa jirani yake, Mzee Kirama, katikati ya migomba, bila kuchana hata jani moja. Ilikuwa machela yenye mabawa manne na taa ya buluu, isiyo na rubani. Kila mkazi wa kata ya Vumwe alivaa kikuku cha afya. Kikuku kilisoma mapigo ya moyo, joto la mwili na sukari ya damu, na mambo yakiharibika kilimwitia mgonjwa Kipungu hata kama mwenyewe hawezi kusema. Mikono ya mpira ya mashine iliingia ndani, ikamtoa mzee kama mtu anavyotoa yai kiotani, ikamfunika blanketi. Chai haijapoa, mzee ameshafika hospitali ya bondeni.

Madirisha mawili matatu yalifunguka.

"Ni nani?"

"Kirama. Ule mguu aliojikata na jembe."

"Mungu amsaidie."

Yakafungwa.

Namkunda alifurahi, na nani angemlaumu? Yeye ndiye diwani, na Kipungu ndicho kilikuwa kipaumbele chake cha kwanza alipoomba kura mara ya kwanza. Mama yake alifia njiani, juu ya machela ya miti, wanaume wa kijiji wakiteremka naye katika utelezi wa masika. Kirama, enzi hizo kijana mwenye shingo nene, alishika mbele. Bega lilimchubuka mpaka damu, na hata mama alipokata roho hakukubali kupokewa. "Nimeondoka naye nyumbani, nitarudi naye nyumbani," alisema. Namkunda, msichana mdogo, alikuwa akifuata nyuma na viatu vya mama yake mkononi. Aliapa kwamba siku moja watu wa Vumwe hawatabebwa tena kwa mabega.

Kampeni za awamu ya pili zikaanza, zikammeza. Wiki zikapita. Siku ya mkutano kwenye ghala la tangawizi, alisimama mbele ya watu akaeleza vipaumbele vyake. Maji yafike kwenye vitongoji vya juu. Barabara ya ghalani isibomoke tena. Na kabla ya yote, Kipungu cha pili, kwa ajili ya wajawazito. Watu wakapiga makofi.

"Anayebisha amuulize Mzee Kirama," akasema. "Mliokwenda kumwona, si mmejionea?"

Makofi yakafifia. Watu wakatazamana.

Mama Ndekirwa, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, hakuwa mtu wa kumezea neno. "Mheshimiwa, twende vipi? Waliombeba hawajarudi kutwambia."

Kule Vumwe mgonjwa hakutembelewa ovyo. Waliombeba ndio waliorudi, wakaketi jikoni kwa jirani wa kwanza, wakasema: tumemfikisha, hali yake hii, anatamani kitu fulani. Neno lao ndilo lililofungua njia. Hapo ndipo ndugu walishuka kuzungumza na daktari, na majirani wakapokezana kwa zamu na vyakula. Kwenda kabla ya neno hilo kulikuwa utovu wa adabu, kama kuchungulia mtu anapooga.

"Lakini amebebwa na mashine, mama," Namkunda alisema.

"Basi nayo irudi, iketi jikoni kwangu, iseme. Nitaipa hata kigoda."

Watu wakacheka. Mama Ndekirwa hakucheka. "Nilimsagia ulezi siku ile ile," akasema kwa sauti ya chini. "Nikapika, nikangoja. Uji ukachacha. Nikapika mwingine. Na wewe, mwanangu, ukuta wako na wake ni mmoja. Wewe ulimwona lini?"

Namkunda alikuwa amedhani wengine wamekwenda.

Asubuhi yake alishuka bondeni. Wodi ilikuwa safi, inanukia sabuni. Muuguzi mmoja, binadamu, alikuwa akimkata mzee kucha za mikono. Alipomwona mgeni alimvuta kando.

"Wewe ni mtu wake? Tumewangoja sana. Nimekuwa nikimdanganya kwamba mnapiga simu kumuulizia. Sikuwa na namna."

Akaeleza. Siku ya kwanza tabibu-mashine aliona sukari ya damu imekiozesha kidonda, akashauri vidole viwili vya mguu vikatwe, basi. Mzee akasema mwili wake si wake peke yake, watu wake wako njiani, atakatwa wakiwepo. Mwanawe wa pekee, fundi katika kituo cha Mwezini, alitokea kwenye kioo cha simu akaridhia, akamsihi baba yake. Mzee akajibu kwamba kioo hakina mkono wa kushika. Sheria haikuruhusu kumlazimisha. Akangoja watu, na kidonda hakikungoja. Sasa mguu utakatiwa juu ya goti, kesho.

Mzee Kirama aligeuza uso kutoka ukutani.

"Namkunda? Karibu, mwanangu. Nilijua Vumwe imenikataa. Nimelala hapa nachambua makosa yangu. Nimefika kwa mbuzi wa Mbwambo, yule niliyemfunga kutwa nzima kwa kula mahindi yangu. Ni huyo mbuzi?"

"Si mbuzi, baba." Alikaa ukingoni mwa kitanda. "Hakuna aliyekukataa. Wanangoja waliokubeba warudi waseme. Na hakuna aliyekubeba."

Mzee aliitazama dari.

"Kumbe," akasema.

"Wataalamu waliniuliza, baba. Walisema Kipungu kinaweza kuwa na kiti kimoja cha mtu wa kumsindikiza mgonjwa, au kabati la dawa. Nikachagua dawa. Nilidhani nawatua watu mzigo."

"Ulichagua vyema. Mama yako angepata dawa hizo angekuona ukiolewa. Nilikuwa namsikia anavyopumua nyuma yangu, mpaka nikaacha kumsikia. Usikiuze Kipungu kwa ajili yangu." Akatafuta pumzi. "Ila kiti, mwanangu. Hata kigumu."

Muuguzi alileta kioo cha ridhaa. Mzee alinyoosha mkono wa kushoto, Namkunda akaushika, na kwa wa kulia mzee akaweka dole gumba. Vidole vyake vilikuwa vyepesi mno kwa mtu aliyewahi kushika mbele ya machela. Namkunda alilia kimya kimya, na mzee akajifanya haoni.

Saa ya kuwaona wagonjwa ilikwisha. Namkunda akasimama, lakini mzee hakumwachia mkono.

"Umeshanishika mkono; kesho nitakuwa usingizini, usijisumbue," alisema. "Keshokutwa, mwanangu, njoo tena. Hata kama huna la kuniambia, njoo tu ukae."