Viti vya Mgiriki

Jumatano, saa kumi jioni

Chumba kilikuwa nyuma ya ghala la ndizi, Mkuyuni. Dirisha lilikuwa moja, nalo lilipigiwa mbao. Mwanvita alikuwa amekaa humo siku ishirini na mbili na cherehani ya ngozi, na siku zote hizo jua aliliona pale tu aliporuhusiwa kwenda chooni.

Hatibu alitandaza picha sita mezani.

"Tunarudia," alisema. "Mara ya mwisho."

Hatibu aliuza spea mjini Morogoro, karibu na stendi. Tangu biashara ifunguliwe na makontena yaanze kuingia, duka lake lilijaa hadi barazani, na hakuna aliyeuliza kipi kimetoka Dubai na kipi kimefunguliwa kwenye gari la mtu. Sauti yake ilikuwa ya upole. Mwanvita alijifunza mapema kwamba upole ule haukuwa wa kumtuliza mtu.

"Shamba la mkonge la Mlegeni limeuzwa. Ijumaa saa tisa mnunuzi anakabidhiwa. Bandani kuna Benzi la mwaka hamsini na saba, alilileta Mgiriki mwenye shamba kabla ya Uhuru. Injini si shida yetu. Bodi si shida yetu. Sisi tunataka vya ndani."

Kulikuwa na tajiri Nairobi mwenye Benzi kama hilo. Nje linang'aa, ndani panya wamelimaliza. Alikuwa na mteja Mzungu, na Mzungu huyo hakutaka ngozi mpya. Alitaka viti vya siku ya kwanza kiwandani.

"Si tuvichomoe tu tuondoke?" aliuliza Allen, fundi wa mbao.

"Tukichomoa watafunga barabara mpaka Namanga. Tukibadilisha, hakuna aliyeibiwa. Mnunuzi anakaa juu ya kazi ya Mama Zawadi huyu, anashukuru Mungu."

Ndiyo maana alimtaka Mwanvita. Alikata ngozi kiwanda cha viatu miaka kumi na minne, mpaka walipopunguzwa. Allen alikuwa seremala wa kiwanda hichohicho, akapunguzwa naye, foleni moja. Sasa Allen alikuwa amechonga mbao za dashibodi kwa mninga na kuzisugua na kiwi mpaka zikafanana na za pichani. Klipu za milango zilitoka Dubai, kwa namba za katalogi ya Kijerumani. Zulia na kitambaa cha dari vilinunuliwa Dar. Ngozi nyekundu Mwanvita aliipaka chai ya rangi, akaikunja na kuikunjua mpaka ikazeeka.

Picha na vipimo alileta Chausiku, karani wa shamba. Mwanvita hakuwa amelitia gari lile machoni. Lakini vile vipande vilimtoka mkononi kirahisi mno, kama mtu anayefunga kilemba gizani. Alifurahi, akadhani ni uzoefu.

"Nikishamaliza kufunga, naenda zangu," alisema.

"Unaenda zako." Hatibu alikusanya picha. "Mwanao Zawadi nimemwona jana. Shuleni Kilakala, pale getini. Ana daftari la bluu. Amekuwa mrefu."

Alisema hivyo kama mtu aliyeleta salamu.

Ijumaa, saa sita na dakika ishirini mchana

Lori, lililofunikwa mzigo wake kwa mikungu ya ndizi, lilisimama kwenye geti la Mlegeni. Milima ya Uluguru ilikuwa imevaa ukungu nusu. Walinzi watatu walikuwa wanatoka na kofia zao kwenda msikitini. Mmoja alibaki zamu, Mzee Riziki, mwenye rungu na mguu unaoburuta.

"Shikamoo mzee," alisema Hatibu.

"Marahaba. Mmeleta nini?"

"Matairi ya Benzi. Mwenyewe anataka likimbie."

"Likimbie liende wapi, na bei hii ya mafuta?" Mzee Riziki alicheka peke yake, akaisoma karatasi ya ruhusa aliyoandika Chausiku taratibu, akainua kizuizi.

Saa sita na dakika thelathini na tano

Chausiku aliwafungulia banda. Jasho lilikuwa limemlowanisha juu ya mdomo.

"Wanarudi saa nane kasorobo. Mimi niko ofisini, na simjui mtu yeyote hapa." Akaondoka.

Hatibu alilirudisha lori mpaka mlangoni na kubaki kwenye usukani akilinda. Mwanvita na Allen waliingia.

Benzi lilikuwa katikati, jeusi, limepigwa nta. Mwanvita hakulishangaa. Hapakuwa na muda. Alianza na vishikio vya ndani, maana paneli ya mlango haitoki mpaka vishikio vitoke. Kila kimoja kilishikwa na pini nyembamba. Unasukuma nyuma kikombe kidogo cha chuma kinachoificha, unaitoa pini, unavuta. Vya kufungulia milango vinne, vya kupandishia vioo vinne. Vyote alivitia kwenye mfuko wa turubai pamoja na bisibisi na koleo, visipotee.

Paneli za zamani zilitoka zikilia klipu moja moja. Mpya ziliingia. Matundu yalikutana na matundu. Allen alipiga mluzi.

"Mama Zawadi, wewe si mtu."

"Nishikie huku."

Zulia likafuata, halafu kiti cha nyuma, ngozi mpya juu ya chuma cha zamani, ujazo wake ukiwa bado umefunikwa na gunia. Ilipofika zamu ya kiti cha mbele alikilaza chini na kuivua ngozi yake kwa kisu.

Saa saba kasoro dakika mbili

Mkono wake ulisimama.

Ndani ya kiti cha Kijerumani alitegemea manyoya ya farasi. Katalogi ilisema hivyo, hata picha ilikuwemo. Alichokishika kilikuwa mkonge. Mkonge mkavu, uliochambuliwa vizuri, wa hapahapa.

Aliigeuza ngozi. Kwa nyuma kulikuwa na muhuri wa zambarau wa kiwandani kwao, umefifia: KUKATA 1981.

Kisha akatazama ukingo. Mwanvita alikuwa mashoto. Kisu chake kililalia kushoto kila siku, na wakataji wenzake walimtania kwa hilo. Ukingo ule ulilalia upande huo.

Akakumbuka. Ulikuwa mwaka ambao hata sabuni ilipatikana kwa kujuana. Msimamizi alimpa ngozi tisa nyekundu na mifano ya karatasi ya kaki, akamwambia akate na asiulize. Alidhani ni makochi ya mkubwa fulani. Alikata, zikatoka kwa mlango wa nyuma. Yeye akarudi kwenye viatu.

"Allen. Njoo uone."

Allen alitazama muhuri, akatazama mkonge. Alielewa upesi.

"Kwa hiyo tunaiba ya bandia?"

"Ya kwangu mwenyewe. Ya Mgiriki ilishakwisha zamani, pengine panya, pengine mvua. Spea hazikuwepo, wakatengeneza."

"Basi tunyamaze. Twende nazo hivihivi."

"Nairobi watafungua kiti kama nilivyofungua mimi. Watauliza ya kweli iko wapi. Na anayejua kutengeneza ya uongo hapa ni nani?"

Allen alijifuta mikono kwenye suruali, polepole, kidole kwa kidole.

"Mimi ni mbao tu," alisema. "Ngozi sijagusa."

Alibeba paneli za zamani kwenda kuzipakia chini ya mikungu ya ndizi. Mzigo ule ulikuwa wa dakika mbili. Alikaa sita, na nje alisikika akinong'ona na Hatibu. Mwanvita hakumlaumu sana. Allen alikuwa na watu wake nyumbani, na woga hauulizi urafiki ni wa miaka mingapi. Alikivika kiti cha mbele ngozi mpya, akakirudisha mahali pake, akaketi upande wa dereva kubana klipu za mwisho.

Saa saba na dakika kumi na nne

Hatibu aliingia bila Allen. Aliokota ngozi ya zamani, akaiweka sambamba na mpya. Kwa spea alikuwa na jicho, hilo halikuwa na ubishi.

"Hizi zimekatwa na mkono mmoja."

"Wangu. Hiyo ya zamani niliikata mwaka themanini na moja, kiwandani. Muhuri huo hapo."

"Muhuri unachongwa kwa kandambili ya mpira. Nimechonga ya TRA mimi, sembuse huu." Aliikunja ngozi kwa utaratibu. "Ya Mgiriki iko wapi?"

"Haipo, kaka Hatibu. Haijawahi kuwepo tangu wakati huo."

"Chausiku ana funguo. Wewe una mkono. Mmeitoa lini? Mwezi uliopita?"

"Nilikuwa chumbani kwako!"

"Siku ishirini na nne. Kabla ya hapo ulikuwa wapi?"

Mwanvita alijaribu kukaa upande wa Hatibu na kujisikiliza mwenyewe, na kwa upande ule yeye pia asingejiamini. Kila ushahidi kwamba anasema kweli ulikuwa na alama ya kisu chake.

"Maliza kufunga," alisema Hatibu kwa upole. "Jioni tutapita Kilakala. Utakumbuka ukiwa na mwanao. Watu wengi hukumbuka hivyo."

Saa saba na nusu

Mguu uliburuta changarawe nje. Mzee Riziki alikuwa anazunguka.

Hatibu alitoa kisu, Mwanvita asije akaita. Alifunga milango ya gari kimyakimya, mmoja, wa pili, wa tatu, kisha akajitupa kiti cha nyuma na kuuvuta wa nne kwa ukingo wake mpaka ukabana. Kisu kilifika nyuma ya sikio la Mwanvita.

"Lala chini. Usipumue."

Mguu ulipita mlangoni, ukasimama, ukaendelea.

Mwanvita alikuwa ameinama juu ya usukani, macho kwenye paneli ya mlango. Nyekundu, laini, imekaa sawa kila kona. Katikati yake kulikuwa na kichwa kidogo cha chuma, kinene kama ncha ya kidole, pale ambapo kishikio kingekaa. Kwa vidole hakizunguki. Mlango wake ulikuwa hivyo. Na mitatu mingine. Vioo vyote vilikuwa juu.

Hatibu alijua bei ya kila kipande cha gari hili. Kufunga kipande alikuwa ameacha miaka mingi.

Mfuko wa turubai ulikuwa miguuni pa Mwanvita. Alisukuma kidirisha cha pembeni, kile kidogo cha pembetatu cha kuingiza upepo, akaupenyeza mfuko. Ulikwama kwenye bisibisi. Akausukuma kwa kiganja. Ukaanguka kwenye saruji kwa kishindo.

"Nini hicho?"

"Vishikio vya milango," alisema Mwanvita. "Na koleo."

Alimsikia akipapasa ngozi nyuma yake. Juu, chini, tena juu. Kisha upande wa pili.

Alipitisha mikono yote miwili ndani ya usukani na kulala juu ya honi.

Betri ilikuwa mpya, kwa ajili ya mnunuzi. Honi ya Mgiriki ilipiga kama treni. Hatibu alimchana begani, akamchana tena mkononi, akavuta nywele. Mwanvita alizidi kuukumbatia usukani. Nje injini ya lori iliunguruma. Allen alikuwa ameamua. Lori liliondoka na paneli zake za bandia, likivunja kizuizi cha geti.

Hatibu alipiga kioo cha mlango wa nyuma kwa kisigino mara nne. Kikapasuka. Alitoa mkono kutafuta kishikio cha nje, na rungu likashuka juu ya vidole. Alipiga yowe, akaurudisha.

Mzee Riziki alikuwa anahema, rungu juu. Nyuma yake walinzi watatu walikuja mbio na kofia zao za swala. Chausiku alisimama mbali, mikono kichwani.

Saa saba na dakika arobaini na moja

Honi ilinyamaza. Damu ilikuwa inadondoka kwenye zulia la Dar.

"Na wewe utafungwa," alisema Hatibu. Sauti ilikuwa ileile. "Kila kitu humu ndani kina mkono wako."

"Najua."

"Miaka saba, minane. Mtoto atalelewa na nani?"

"Na shangazi yake. Mtoto atakuwa hai, na wewe hutakuwa pale getini."

Mzee Riziki alisogeza uso kwenye kidirisha cha pembeni. Alimtazama Mwanvita, akatazama kisu cha mwenzake, akatia mkono kwenye kishikio cha nje cha mlango wa mbele.

"Mama, nikutoe wewe kwanza?"

Mwanvita aliinua macho kwenye kioo cha kutazamia nyuma. Hatibu alikuwa amekwisha kujisogeza mbele, goti juu ya kiti, anasubiri ufa tu.

"Hapana, mzee. Usifungue," alisema. "Mpaka polisi wafike, usimfungulie mtu humu."